Chuo Kilichomlaza Mwanasheria Nyumbani kwa Maskini

Kijana wa Matondoni akitaka kuwa fundi wa jahazi hapewi kitabu akakisome miaka minne, kisha akaambiwa: haya, nenda kaunde chombo. Siku ya kwanza hupewa tezo na kipande cha ubao. Atachonga, ataharibu, atakaripiwa na fundi wake, atachonga tena. Atafundishwa kuutazama mti ungali umesimama na kujua tawi lipi litafaa kuwa taruma. Siku atakapoitwa fundi, jahazi alilolishika mkono huwa limekwisha onja maji ya chumvi.

Daktari naye hufundishwa hivyo hivyo. Hawezi kupewa shahada kabla hajasimama wodini mbele ya mgonjwa anayeugua kweli, na daktari mkubwa yuko nyuma yake akimwangalia. Lakini mwanasheria je? Huyu ambaye neno lake moja laweza kumtia mtu jela au kumtoa, laweza kumpa mjane nyumba au kumwacha nje, kwa miaka mingi amefundishwa kwa njia ya kitabu peke yake.

Njia hiyo ina historia yake. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell alifanywa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani. Yeye ndiye aliyeleta mtindo wa kuwasomesha wanafunzi hukumu za mahakama za rufani, moja baada ya moja, huku mwalimu akiwauliza maswali ya kuwakoroga akili. Mtindo ule ukaenea nchi nzima. Hapana shaka kwamba una faida, kwa maana hunoa akili kama jiwe linoavyo kisu. Lakini mwanafunzi aliweza kumaliza masomo yake yote bila ya kumtazama usoni hata mtu mmoja mwenye shida. Aliijua kesi, hakumjua mwenye kesi.

Wazee wetu waliopitia vyuoni walikuwa na msemo kwamba elimu bila amali ni mti usio na matunda. Katika makala haya tutaangalia chuo kimoja cha sheria kilichojaribu kuupa mti huo matunda. Tutaona kilivyoanza, kilivyofundisha, kilivyofungwa na kilivyofufuka, kisha tujiulize sisi watu wa pwani tuna nini cha kuchuma humo.

MKE NA MUME

Chuo chenyewe kiliitwa Antioch, nacho kilifunguliwa mjini Washington, makao makuu ya Marekani, mwaka 1972. Waliokianzisha walikuwa mtu na mkewe, Edgar Cahn na Jean Camper Cahn. Bwana alikuwa Mzungu wa kabila la Mayahudi, na bibi alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Baltimore. Walioana mwaka 1957, wakati ambapo katika majimbo kadhaa ya nchi ile ndoa ya namna hiyo ilikuwa ni kosa la sheria. Mpaka mwaka 1967 ndipo Mahakama Kuu ya Marekani ilipozitangua sheria hizo. Kwa hiyo watu hawa hawakuhitaji kusimuliwa jinsi sheria inavyoweza kumdhulumu mtu. Aisifuye mvua imemnyea.

Wote wawili walisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven. Mwaka 1963 Bibi Jean aliajiriwa huko huko New Haven kuwa wakili wa mtaani, akiwahudumia watu wasio na uwezo wa kulipa. Haukupita muda akamtetea mtu mweusi aliyeshtakiwa kwa kumnajisi mwuguzi wa kizungu. Mji ukachafuka. Wakubwa waliokuwa wakiugharimia mpango ule hawakutazamia kwamba wakili wa maskini angefanya kazi ya uwakili kwelikweli, nao wakausimamisha.

Jambo lile liliwafunza Jean na mumewe somo ambalo hawakulisahau: maskini akipewa wakili na mtu mwingine, mara nyingi aliyempa hutaka pia kumchagulia maneno ya kusema. Mwaka 1964 waliandika makala katika jarida la sheria la Yale, wakashauri pafunguliwe afisi za mawakili katika mitaa ya maskini, mawakili hao wawe chini ya wateja wao na si chini ya wafadhili. Ilikuwa ni zama za Rais Lyndon Johnson, aliyekuwa ametangaza vita dhidi ya umaskini. Makala yale yalisomwa na Sargent Shriver, mkuu wa shughuli hiyo, na mwaka 1965 serikali ya Marekani ikaanza kugharimia mawakili wa mitaani. Mwaka 1974 likaundwa shirika maalumu la kuisimamia kazi hiyo, nalo lingali lipo mpaka leo.

Lakini afisi zilipofunguka, likatokea swali jingine. Ni nani atakayekaa humo? Vijana waliotoka vyuoni walikuwa hodari wa kunukuu hukumu, lakini hawakujua kumhoji mama aliyekuja analia na mtoto mgongoni. Hawakujua kuandika hati ya kiapo, hawakujua afisi ya karani wa mahakama ina mlango upande gani. Ndipo Bwana na Bibi Cahn walipokata shauri la kuanzisha chuo.

MAJUMA YA MWANZO

Antioch ilipewa makao katika jumba la kale katika barabara ya 16, jumba la mawe lililojengwa na tajiri mmoja katika karne ya 19. Ulikuwa mzaha wa majaliwa: nyumba ya mkwasi ikawa darasa la kuwatetea mafakiri. Hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na barabara ya 14, ambayo iliteketea katika ghasia za mwaka 1968 alipouawa Martin Luther King. Wengi wa wakazi wa mji ule walikuwa watu weusi, na wengi wao walikuwa wapangaji katika nyumba mbovu.

Sasa sikia ajabu yake. Mwanafunzi mpya alipofika hakupelekwa kwanza maktaba. Katika majuma ya mwanzo alipelekwa kuishi katika nyumba ya familia maskini ya mjini. Alilala walipolala, akala walichokula, akapanga foleni pamoja nao katika afisi za serikali, akaona maji yanavyokatika na panya wanavyopita. Baada ya hapo ndipo alipofungua kitabu.

Wako waliocheka. Wakasema kulala kwa maskini hakumfundishi mtu vifungu vya sheria. Ni kweli, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwanafunzi aliyekwisha kuona jinsi mama anavyopoteza ujira wa siku nzima kwa kuitwa mahakamani asubuhi na kesi yake kuahirishwa alasiri, hatalichukulia neno "kuahirisha" kama linavyochukuliwa na mtu aliyelisoma tu. Amejua kwamba kila tarehe mpya ina bei yake, na anayeilipa ni yule asiye nacho.

Jambo la pili ni kwamba chuo chenyewe kilikuwa afisi ya mawakili. Walimu walikuwa mawakili wenye wateja, na wanafunzi walikuwa wanagenzi wao. Kila mwanafunzi, si wale waliojitolea tu, alilazimishwa kushika mafaili ya watu halisi. Huko Washington mahakama ilikuwa na kanuni iliyomruhusu mwanafunzi wa sheria aliyefika hatua fulani ya masomo kusimama mbele ya hakimu na kumsemea mteja, maadamu wakili msimamizi yupo naye na mteja mwenyewe ameridhia. Hayo ndiyo yaliyoitwa kliniki ya sheria, jina lililoazimwa kutoka kwa waganga.

MPANGAJI NA PANYA

Tuseme mwanamke amepewa notisi ahame. Kodi ya miezi miwili hajalipa. Kwa mtu wa kitabu, kesi imekwisha: anadaiwa, hajalipa, atoke. Lakini mwanagenzi wa kliniki amefundishwa kuuliza kwanza, kisha kunyamaza na kusikiliza. Akisikiliza atasikia kwamba dari imevuja tangu mvua za mwaka jana, mfereji hautoi maji, na mwenye nyumba ameambiwa mara tatu. Atakwenda mwenyewe kuiona dari. Atapiga picha, atamtafuta jirani awe shahidi, atauliza wakaguzi wa halmashauri kama wana kumbukumbu. Hapo ndipo atakapokifungua kitabu, na kitabu kitamjibu.

Kwa hakika katika mji ule wa Washington kitabu kilikuwa na jibu. Mwaka 1968, katika shauri la Edwards na Habib, mahakama ya rufani iliamua kwamba mwenye nyumba hawezi kumfukuza mpangaji kwa kulipiza kisasi kwa sababu amekwenda kushtaki ubovu wa nyumba. Na mwaka 1970, katika shauri la Javins, wapangaji wa majumba yaitwayo Clifton Terrace, si mbali na pale Antioch ilipokuja kuwa, walidai kwamba nyumba zao zilikuwa na kasoro takriban 1,500 zilizovunja kanuni za makao. Mahakama ikaamua kwamba anayepangisha nyumba hutoa ahadi, hata kama haikuandikwa, ya kwamba nyumba inafaa kukaliwa na binadamu. Akiivunja ahadi hiyo, mpangaji naye ana neno la kusema kuhusu kodi.

Hukumu hizo mbili zilikuwa silaha kubwa, lakini silaha isiyo na mshikaji ni chuma tu. Msomaji huenda akauliza: kwani Marekani mtu maskini hapewi wakili na serikali? Hupewa, lakini katika kesi za jinai. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ilitoa hukumu hiyo katika shauri la Clarence Earl Gideon, mtu wa Florida aliyefungwa kwa kosa la kuvunja nyumba ya mchezo, naye akaiandikia mahakama kwa kalamu ya risasi kutoka jela. Aliposikilizwa upya akiwa na wakili, akaachiliwa. Lakini haki ile haikumfikia mpangaji anayefukuzwa. Huyo mwenye nyumba yake huja na wakili, yeye huja peke yake. Pengo hilo ndilo wanafunzi wa Antioch walilolijaza, na huku wakilijaza, wakajifunza kazi.

KOLEO LAVUNJIKA

Tusije tukapamba mambo kupita kiasi. Kufundisha kwa namna hii ni ghali. Katika darasa la kawaida mwalimu mmoja huweza kuhutubia watu mia. Katika kliniki hawezi kuwasimamia ila wachache, kwa kuwa kosa la mwanafunzi humwangukia mteja. Tena maskini halipi ada. Chuo kilikuwa na shida ya fedha karibu maisha yake yote, na baina ya wakuu wake na Chuo Kikuu cha Antioch kilichokimiliki, ambacho makao yake yalikuwa katika jimbo la Ohio, kukazuka ugomvi juu ya nani ashike mfuko. Mwaka 1980 Bwana na Bibi Cahn waliondolewa katika kazi waliyoianzisha wenyewe.

Palikuwa na lawama nyingine pia, nayo ilikuwa nzito. Watu walisema kwamba wahitimu wengi mno walianguka katika mtihani wa uwakili. Lawama hii haifai kupuuzwa. Mwanafunzi mwenye huruma asiyefaulu mtihani hawezi kumtetea mtu yeyote. Wale wanaotaka elimu ya vitendo hawana budi kukumbuka kwamba vitendo havikuja kukiua kitabu, bali kukipa uhai. Fundi wa jahazi naye ana hesabu zake kichwani, na asipozijua chombo kitapinduka.

Hatimaye wenye chuo wakakata shauri la kukifunga, na mwaka 1988 Antioch ya sheria ikawa haipo tena. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wanafunzi, wahitimu na watu wa mitaa waliotetewa walikuwa wamekwisha kupiga kelele katika Baraza la Mji. Diwani mmoja, David Clarke, akalishika jambo lile. Mwaka 1986 baraza lilipitisha sheria ya kuunda chuo cha umma cha sheria cha mji, na mwaka ule ule Antioch ilipofungwa, chuo kipya kikapokea mahali pake. Mwaka 1996 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Wilaya ya Columbia, na mwaka 1998 kikapewa jina la David A. Clarke, aliyefariki mwaka mmoja kabla.

Chuo hicho kingalipo. Kwa miaka mingi sharti lake lilikuwa kwamba mwanafunzi hapati shahada mpaka atumikie kliniki kwa saa 700. Kutambuliwa kwake kikamilifu na Chama cha Mawakili cha Marekani kulikuja mwaka 2005. Bibi Jean hakuiona siku hiyo, alifariki mwaka 1991. Mumewe alirudi kufundisha hapo, akaishi hadi mwaka 2022. Na mfano wao haukubaki peke yake. Mwaka 1983 mji wa New York nao ulifungua chuo chake cha umma cha sheria, huko Queens, kwa nia iliyotangazwa waziwazi ya kuifanya sheria iwatumikie wanadamu wenye haja.

NA SISI JE?

Mtu atasema: hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Hapa Mombasa, katika Majengo, Kisauni na Likoni, tuna jambo ambalo wageni wakielezwa hushangaa: nyumba bila ardhi. Mtu amejenga nyumba, amezaa ndani yake, amezika wazazi wake wakitokea mlango ule ule, lakini ardhi iliyo chini ni ya mtu mwingine anayemlipa kodi ya kiwanja. Siku ardhi ikiuzwa, nyumba yote huning'inia hewani. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani ajitokeze adai. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mwingereza. Wangapi wakati ule walijua kuandika dai? Wenye waandishi waliandikiwa. Wasio na waandishi, wajukuu wao leo huitwa maskwota.

Pana pia mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeipa mamlaka katika ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kusikilizwa nayo. Aghalabu anayefika pale ni mwanamke peke yake, na karatasi zake amezikunja katika kitambaa. Anajua amedhulumiwa urithi, lakini hajui hati gani ya kuleta wala tarehe gani ya kurudi. Katika ile barua mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Omar kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi aliagizwa awaweke watu sawa katika baraza lake, hata mwenye nguvu asitumaini upendeleo wala mnyonge asikate tamaa. Kadhi aweza kuwaketisha sawa. Lakini ikiwa mmoja amekuja na wakili na wa pili amekuja na machozi, nani atausawazisha ulimi wao?

Si kwamba hatuna pa kuanzia. Kituo cha Sheria kiliundwa Nairobi mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya Antioch kufunguliwa, na mawakili vijana waliotaka kuwasaidia wasio na uwezo. Kinafanya kazi pia hapa pwani. Muhuri, shirika la Waislamu la haki za binadamu, lilianzishwa Mombasa mwaka 1997. Katiba katika kifungu cha 48 imeiagiza serikali ihakikishe watu wote wanaifikia haki. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewataja kwa jina wanaoweza kutoa msaada huo: mawakili, wasaidizi wa kisheria, mashirika ya dini, na vyuo vikuu vyenye kliniki za sheria.

Tuliangalie neno hilo la mwisho na lile lililo kabla yake. Sheria ya nchi imeufungulia mlango msikiti, na imekifungulia mlango chuo. Nani amekatazwa kuweka meza katika varanda ya madrasa kila Jumamosi, pakaketi mwanafunzi wa sheria, msaidizi wa kisheria aliyefunzwa na wakili wa kuwasimamia, wakawasikiliza watu wa mtaa? Nani amekatazwa kumfundisha kijana wetu hesabu ya mirathi kwa faili la kweli, akiwa na mwalimu wa fikhi upande mmoja na wakili upande wa pili?

Nchini Kenya mwanafunzi wa sheria husoma miaka minne chuo kikuu, kisha huenda Chuo cha Sheria cha Kenya, na hufanya uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili. Miezi sita si haba, lakini huja mwishoni, wakati moyo umekwisha kuzoea kuona shahada kama tikiti ya kupandia gari. Antioch waliuanza uanagenzi mwanzoni, moyo ungali laini. Udongo uwahi ungali maji.

Kwa hivyo mzazi unayemwuza ng'ombe au kuweka rehani shamba la minazi ili mwanao akasome sheria, usimwulize tu chuo chake kina majengo makubwa kiasi gani. Mwulize: mwaka wa kwanza utamsikiliza nani? Utaandika barua ya nani? Kuna mwalimu atakayesimama nyuma yako siku utakaposimama mbele ya hakimu? Na wewe kijana uliye likizoni, usingoje upewe joho. Nenda katika afisi za msaada wa kisheria, ukaombe kupanga mafaili na kuwasomea wazee barua zao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema wahenga. Lakini haki haimpati mnyonge kwa kusemwa. Lazima awepo mtu anayejua mlango wa karani uko upande gani, na aliye tayari kufuatana naye mpaka hapo.